Kaunti ya Dawson, Nebraska: Watu Waliongezeka, Nyumba Zikazeeka

Novemba 2025 kampuni ya Tyson ilitangaza kwamba ingefunga kiwanda chake cha nyama ya ng'ombe mjini Lexington, Nebraska, Januari iliyofuata. Wafanyakazi wapatao 3,200 walikuwa wakipata riziki yao pale, katika mji wenye watu elfu kumi na ushei. Nyuma ya uamuzi huo kuna uhaba wa mifugo: mwanzoni mwa 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko wakati wowote tangu 1951. Kiwanda kisicho na ng'ombe wa kutosha wa kuchinja kinakula hasara kila siku kinapofungua milango.

Mazungumzo mengi tangu siku hiyo yamehusu ajira, na ni haki yake. Mimi nageukia nyumba. Lexington ni makao makuu ya kaunti ya Dawson, na kwa miaka 35 kaunti hiyo imebeba swali ambalo karibu kila kaunti ya mashambani kwenye nyanda za nyasi za Marekani ingelipenda kuwa nalo: watu wanakuja, tutawalaza wapi? Wapo waliosema jengeni mpya. Wapo waliosema karabatini zilizopo, kwani hakuna ajuaye kiwanda kitadumu mpaka lini. Sasa kiwanda kimeondoka, na kila upande unaweza kudai kwamba ulikuwa sahihi. Nadhani pande zote mbili zina hoja nzito, lakini zote mbili zimemsahau mtu mmoja, nitakayemfikia.

Kwanza tuelewe nyumba hizi zilifikaje hapo. Ardhi ya bonde la mto Platte ilikuwa ya Wapawnee, na Walakota na Wacheyenne nao waliipita na kuwinda humo. Reli ya Union Pacific ilifika sehemu hizi 1866. Katika miaka ya 1870 Wapawnee wakahamishiwa kusini, kwenye Oklahoma ya leo. Nyuma ya reli wakaja walowezi kwa Sheria ya Homestead ya 1862: mtu alipewa ekari 160 za bure iwapo angekaa juu yake miaka mitano, alime na ajenge. Miti hakuna, mbao ni ghali, hivyo wengi walianza kwa kukata udongo wenye mizizi ya nyasi vipande vipande na kuupanga kama matofali. Kaunti ya Custer, inayopakana na Dawson upande wa kaskazini, inafahamika hasa kwa picha za nyumba hizo ambazo Solomon Butcher alianza kuzipiga 1886: familia imesimama mbele ya nyumba ya udongo, nguo za Jumapili, ng'ombe mmoja, wakati mwingine na kinanda kilichotolewa nje ili jamaa waliobaki mashariki wakione.

Ekari 160 hazikutosha. Mstari wa longitudo 100 unapita Cozad, mji wa jirani na Lexington katika kaunti hiyohiyo ya Dawson, na kwa kadiri unavyokwenda magharibi ya hapo ndivyo mvua inavyopungua chini ya milimita 500 kwa mwaka. Halafu ikaja trekta, na kazi iliyohitaji familia kumi ikafanywa na moja. Custer ilikuwa na watu 26,407 mwaka 1920. Sensa ya 2020 ilihesabu 10,545. Hivyo ndivyo hali ya kawaida ilivyo kwenye nyanda hizi: kaunti nyingi zilifikia kilele chake kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na zimekuwa zikipungua tangu hapo. Shule zinaunganishwa, hospitali inafunga wodi ya wazazi, duka la mwisho la chakula linageuka kituo cha mafuta chenye rafu mbili za mikate.

Dawson ilikwepa njia hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maji ya Platte na ya chini ya ardhi: umwagiliaji ulileta mahindi na majani ya mifugo, mahindi yakaleta mazizi ya kunenepesha ng'ombe, na palipo na ng'ombe wengi machinjio hayakai mbali. Sababu ya pili ilizaliwa na msiba. Lexington ilikuwa na kiwanda cha mashine za kuvunia cha Sperry New Holland. Kilifungwa katikati ya miaka ya 1980, wakati ule ule wakulima wa Marekani walipokuwa wakifilisika kwa madeni. Kufikia sensa ya 1990 mji ulikuwa umebaki na watu 6,601. Mwaka huo huo, ndani ya jengo lile lile lililoachwa, kampuni ya IBP, ambayo Tyson iliinunua 2001, ikafungua kiwanda cha nyama.

Miaka kumi baadaye mji ulikuwa na watu 10,011. Kaunti nzima ilitoka 19,940 ikafika 24,365, na zaidi ya robo tatu ya ongezeko hilo iliangukia Lexington peke yake. Mji ambao 1990 ulikuwa wa wazungu karibu wote, kufikia 2000 zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Katikati ya miaka ya 2000 wakaanza kuja Wasomali, wengi wao wakiwa wamepitia Dadaab na Kakuma kule Kenya, na ndiyo maana mtu anaweza kusalimiwa kwa Kiswahili kwenye mji wa Nebraska ambao hajawahi kuusikia. Jambo hili halihusu Lexington tu. Wakongomani waliotoka Nyarugusu na kambi nyingine wamesambaa kwenye miji ya Nebraska na Iowa, na miaka kadhaa ya muongo uliopita Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi walioingizwa Marekani. Msomaji mwenye ndugu huko asione mambo haya kuwa ya watu wengine.

Sasa tuingie kwenye nyumba zenyewe. Mji kama Lexington una tabaka za nyumba kama vitunguu. Katikati, karibu na reli, kuna nyumba za mbao za miaka ya 1900 hadi 1930: kibaraza mbele, ghorofa moja na nusu, chumba cha chini ya ardhi. Zinazofuata ni nyumba ndogo za baada ya vita. Baada yake zinakuja za miaka ya 1970, kisha, pembezoni, viwanja vya trela, yaani nyumba nyepesi za kukokotwa, vilivyojaa pale kiwanda kilipofunguliwa na nyumba zikawa hazitoshi.

Nimewahi kuishi katika tabaka lile la katikati, kwenye mji mwingine wa Nebraska wenye kiwanda chake. Nyumba tuliyopanga ilijengwa 1924. Kuta zake zilikuwa plasta juu ya vipande vyembamba vya mbao, na ndani ya kuta hamkuwa na kitu, ni uwazi tu kutoka msingi mpaka dari, hivyo upepo wa Januari ulipanda humo kama moshi kwenye dohani. Desemba tulibandika nailoni kwenye madirisha yote na kuipuliza kwa draya ya nywele mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma. Usiku ungeweza kuiona ikivuta pumzi: inajaa, inanywea, inajaa. Bili ya gesi ya mwezi huo ilikaribia nusu ya kodi.

Lakini baridi unaisikia, ndiyo nafuu yake. Kilichonipata mimi sikukisikia. Dirisha la chumba cha watoto lilikuwa la kupandisha na kushusha, na kila lilipopandishwa fremu ilisuguana na njia yake na kuacha unga mweupe kwenye kizingiti. Mwanangu, mwaka mmoja na nusu, alipenda kusimama pale vidole vikiwa juu ya kizingiti akitazama magari, kisha vidole mdomoni. Nesi wa kliniki ndiye aliyeniuliza: nyumba yenu imejengwa mwaka gani? Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani 1978. Nyumba yoyote ya kabla ya hapo huenda inayo chini ya matabaka ya rangi mpya, na madirisha ndiyo yanayoisaga ikawa unga. Risasi ikiingia kwa mtoto mdogo inadhuru ubongo unaokua, na haina homa wala upele wa kukushtua mapema. Mwenye nyumba alikuwa amenipa karatasi ya onyo siku ya kusaini mkataba, kama sheria inavyomtaka. Nilisaini kama nilivyosaini karatasi nyingine zote, kwa Kiingereza cha kisheria nilichokielewa nusu. Damu ya mtoto ilipimwa, tukafundishwa kupangusa vizingiti kwa kitambaa kibichi kila siku, na tukapangusa. Dirisha halikubadilishwa mpaka tunahama.

Nimeyasimulia haya ili hoja ya wanaotaka kujenga upya ieleweke ilivyo. Wanaposema nyumba za zamani hazifai, hawazungumzii uzuri wa vigae. Wanazungumzia nyaya za umeme za enzi ya taa tatu na redio, ambazo leo zimebeba oveni, mashine ya kufulia na hita nne. Wanazungumzia nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa kwa wazee wawili na mtoto mmoja, ambamo leo mna watu wanane. Familia zetu ni kubwa. Si aibu, ndivyo tulivyo, na nyumba ya 1924 haikutarajia hilo. Wanasema pia, na hapa wana haki kabisa, kwamba nyumba ya zamani si ya bei nafuu. Unayookoa kwenye kodi unayalipa kwenye gesi, kwenye fundi bomba, kwenye dawa za kifua. Umaskini wa nyumba unahama kutoka daftari moja kwenda jingine.

Wana hoja nyingine ya kiuchumi. Kaunti isiyo na nyumba haipati walimu wala manesi. Daktari kijana anakubaliwa kazi hospitalini, anatafuta nyumba miezi mitatu, anakosa, anaondoka. Hili linasemwa na viongozi wa miji midogo Nebraska nzima, na ndilo lililozaa sheria ya jimbo ya 2017 ya kuwekeza katika nyumba za wafanyakazi wa mashambani, inayotoa fedha za jimbo kwa mashirika ya maendeleo ya kaunti ndogo kwa sharti kwamba nayo yatafute za kwao.

Upande wa pili unaanza na hesabu ya benki. Tuseme nyumba mpya ya vyumba vitatu inagharimu dola 300,000 kujenga katika mji mdogo. Vifaa vinatoka mbali, mafundi ni wachache na wanaitwa kila mahali. Mthamini akija, anaangalia nyumba za jirani zimeuzwa bei gani. Zimeuzwa 180,000. Anaandika 220,000 kwa huruma. Benki inakopesha kwa karatasi ya mthamini, haikopeshi kwa risiti za mjenzi. Anayejenga anaanza akiwa na hasara ya 80,000 kabla mtu hajalala ndani hata usiku mmoja. Mfano huu ni wangu, lakini pengo lenyewe lipo karibu kila kaunti ya nyanda hizi, na ndilo linalowafanya wajenzi wasije, hata pale ambapo watu wanapanga foleni kutafuta chumba. Nyumba ya zamani haina pengo hilo. Ipo, msingi umeshatulia miaka mia, bomba la maji na la majitaka limeshafika mlangoni, shule iko umbali wa kutembea.

Na ina chumba cha chini. Wasiowahi kuishi kule hawaoni uzito wake, lakini king'ora cha kimbunga kikilia saa tano usiku mwezi Mei, aliye kwenye nyumba ya 1924 anashuka ngazi kumi na mbili na kukaa chini ya ardhi. Aliye kwenye trela hana pa kushuka. Wakati wote tunapoziita nyumba za zamani hatari, tukumbuke kwamba mbadala halisi wa familia nyingi za kiwandani haukuwa nyumba mpya. Ulikuwa trela.

Hoja kubwa ya wakarabati, hata hivyo, ni ile ya kiwanda kimoja. Walisema: msijenge mtaa mzima kwa ahadi ya mwajiri ambaye makao yake hayako hapa. Mifano walikuwa nayo. Emporia, kaunti ya Lyon, Kansas, Januari 2008 Tyson hiyohiyo ilitangaza kusimamisha uchinjaji na ajira zaidi ya 1,500 zikapotea. Wasomali waliokuwa wameanza kuzoea mji wakafunga mizigo, wengine wakaenda Garden City kwenye kaunti ya Finney. Lyon ilitoka watu 35,935 mwaka 2000 ikashuka hadi 33,690 mwaka 2010. Garden City nayo ilikuwa na makovu yake: Krismasi ya mwaka 2000 kiwanda cha ConAgra kiliungua, ajira zipatazo 2,300 zikaenda na moshi, na hakikufunguliwa tena. Finney ilishuka kutoka 40,523 hadi 36,776 ndani ya miaka kumi.

Ukisoma mifano hiyo harakaharaka, wakarabati wameshinda. Mimi naisoma tofauti kidogo. Finney haikufa. Ilibaki na kiwanda kingine kikubwa, cha Tyson pale Holcomb, na moto ulipokiteketeza sehemu Agosti 2019 kampuni ilikijenga tena, kikarudi kazini kabla mwaka haujaisha. Sensa ya 2020 ilikuta watu 38,470, yaani kaunti imeanza kupanda tena. Kilichoiokoa si kwamba haikujenga. Ilikuwa na zaidi ya mguu mmoja wa kusimamia. Lexington mguu wake mkubwa ni mmoja, na ndio uliokatwa.

Kwa hiyo hoja ya tahadhari ni ya kweli, lakini inaficha jambo. Mwenye nyumba anayekataa kubadilisha dirisha huku akisema "nani ajuaye kiwanda kitakuwepo mwakani" amekuwa akisema hivyo kwa miaka 35 na akipokea kodi miezi yote ya miaka hiyo. Tahadhari ya aina hiyo haikuilinda kaunti. Ilihamisha hatari kutoka kwa mwenye mali na kuiweka kwenye mapafu na damu ya mpangaji. Nikiwasikia watu wakisema "bora tungekarabati", nataka nijue: nani alizuiwa kukarabati?

Tena sheria zenyewe zina walakini. Ile sheria ya 2017 inahesabu ukarabati kuwa unastahili fedha pale gharama yake inapozidi nusu ya thamani ya nyumba kabla ya kazi kuanza. Tuseme nyumba imethaminiwa dola 80,000. Ukiivunja ndani yote na kutumia 45,000, umeingia. Lakini nyumba nyingi hazihitaji hivyo. Zinahitaji tanuri jipya la joto, paa, madirisha ya chumba cha watoto: dola 25,000, na wewe uko nje. Mfuko wa serikali kuu wa kukarabati nyumba za mashambani upo, una mikopo midogo ya riba ya asilimia moja na ruzuku kwa wazee wenye miaka 62 na zaidi, lakini ni wa mwenye nyumba anayeishi ndani na mwenye kipato cha chini sana. Mpangaji hayumo. Ukiziangalia sheria hizi pamoja, nyumba inayopangishwa, iliyochakaa kiasi, yenye familia ndani, ndiyo isiyofikiwa na mkono wowote. Na ndiyo nyumba ambamo wafanyakazi wa kiwandani wamekuwa wakiishi.

Nilisema kuna mtu aliyesahauliwa. Ni bibi kizee.

Tazama takwimu za Dawson kwa makini: 24,365 mwaka 2000, 24,326 mwaka 2010, 24,111 mwaka 2020. Ukiziona unasema kaunti imesimama. Haijasimama hata kidogo. Ndani ya namba hizo tulivu wazee wa kizungu wanazikwa, watoto wao wanahamia Lincoln, Omaha na Denver, na nafasi zao zinajazwa na familia changa kutoka Guatemala, Mexico na Somalia. Nyumba zinapaswa kuhama pamoja na watu: kutoka kwa mjane wa miaka 82 aliyebaki peke yake kwenye vyumba vinne, kwenda kwa familia ya watoto watano iliyobanana kwenye viwili. Lakini mjane hahami. Si kwamba ana roho mbaya. Aende wapi? Mara nyingi mjini hakuna nyumba ndogo ya kupanga isiyo na ngazi. Kuna nyumba yake, na kuna nyumba ya wazee wasiojiweza, na katikati hamna kitu. Basi anakaa. Ghorofa ya juu ameifunga miaka sita, haipandi kwa sababu ya magoti. Paa linavuja juu ya chumba asichokiingia. Siku atakapotoka, nyumba inayoingia sokoni itakuwa imeoza kutoka juu kushuka chini, na mnunuzi wake atakuwa mtu wa kuipangisha ilivyo.

Ndiyo maana naona mabishano ya kujenga au kukarabati yamewekwa vibaya. Ujenzi wenye maana kwenye kaunti ya namna hii ni mdogo na unaeleweka: nyumba ishirini au thelathini za chini, bila ngazi, karibu na hospitali na kanisa, za wazee wa hapo hapo. Hazitegemei kiwanda, kwa sababu bibi hafanyi kazi kiwandani. Analipa kwa pensheni yake. Kila mzee anayehama anafungua nyumba ya familia angali na nguvu za kuisimamia ikaguliwe na kutengenezwa. Ukijenga moja unapata mbili. Wanaopinga watasema wazee hawataki kuhama, na wengine kweli hawataki. Mtu aliyezaa watoto wanne kwenye nyumba ile ana haki ya kufia humo. Lakini usimwambie mtu hataki mlango ambao haujawahi kuwekwa ukutani.

Na sasa kiwanda kimefungwa, je, haya yote bado yana maana? Hapa wasiwasi wa upande wa pili ni wa haki, na Custer iko jirani kuwakumbusha. Kuweka fedha za umma kwenye nyumba za mji unaopungua ni kama kupaka lipu ukuta ambao msingi wake unakwenda na maji. Anayesema hivyo si mchoyo, amewahi kuona mitaa ya nyumba tupu zenye madirisha ya mbao za kuzibia.

Jibu langu linategemea nani anaondoka kwanza. Mpangaji ndiye anayeondoka wa kwanza, kwa sababu hana kinachomshika, Emporia ilionyesha. Anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe anachelewa. Ana mkopo, na bei ya nyumba ikianguka hawezi hata kuuza akalipa deni, lakini pia ana bustani, ana shule ya watoto, ana mtaa anaoujua. Atatafuta kazi ya umbali wa saa nzima kwa gari kabla hajang'oka. Walatino wengi wa Lexington walinunua nyumba zao, hizo hizo za miaka ya 1920 na 1950, wakazikarabati wenyewe Jumamosi kwa Jumamosi, shemeji akishika ngazi. Wasomali wengi hawakununua, na sababu moja ni nzito kuliko inavyochukuliwa kwenye vikao vya kaunti: mkopo wa benki una riba, na Mwislamu anayejizuia na riba anabaki mpangaji hata kama mshahara wake unatosha kununua. Zipo taasisi Marekani zinazouza nyumba kwa utaratibu usio wa riba, lakini kwenye miji ya wakazi elfu kumi ni nadra kuzikuta. Kaunti inayotaka watu wake wabaki ingeanza kwa kuutafuta utaratibu huo na kuuleta. Ni jambo la kiutawala tu, halihitaji tofali hata moja.

Kwa ndugu zetu walio kwenye miji hiyo na wanaoulizana kama wanunue sasa wakati bei inashuka: msinunue kwa sababu ni rahisi. Nyumba ya dola 70,000 kwenye mji usio na kazi ni ghali. Lakini ukiwa na kazi isiyotegemea kiwanda, shuleni, hospitalini, kwenye malori, nyumba ya zamani yenye msingi mkavu ni mali nzuri. Kagua chumba cha chini siku ya pili baada ya mvua kubwa. Uliza sanduku la umeme ni la mwaka gani. Pima risasi kabla ya kusaini. Una haki ya siku kumi za kufanya hivyo kwenye nyumba ya kabla ya 1978 unapoinunua, na wauzaji wengi watakuomba uziache. Usiziache.

Kuhusu nyumba zitakazobaki tupu, tangu 2020 sheria ya Nebraska inairuhusu miji midogo nayo kuunda benki ya ardhi, chombo cha umma kinachochukua majengo yaliyoachwa au yaliyolimbikiza kodi ya serikali, kinafuta madeni yake na kuyatoa kwa mtu atakayeyatengeneza. Bila chombo hicho, nyumba hizo zinakwenda mnadani, na wanaokuja mnadani na fedha taslimu ni walewale waliokuwa wakizipangisha zikiwa na baridi. Mwaka mmoja au miwili ya mwanzo ndiyo ya kuamua, kabla mabomba hayajapasuka kwa barafu. Nyumba ya mbao isiyowashwa joto hufa katika msimu mmoja wa baridi: maji yanaganda ndani ya bomba, bomba linapasuka, Machi barafu inayeyuka na maji yanashuka kupitia sakafu tatu bila mtu kuyasikia.